Bingwa wa Kanda ya Njano

Bingwa alikuwa fundi wa meno ya bandia. Ukitaka kumwona kazini, ungepita mapokezi ya kliniki, ungepita mlango wa daktari na milio yake ya kutisha, ukafika chumba cha nyuma ambako mataya ya plasta yamepangwa rafuni kama kamati iliyoishiwa la kusema. Mikono yake ilikuwa mizuri, hilo hata maadui zake wangekubali. Mpelekee ufizi mtupu kama kiganja cha mtoto, naye atakurudishia tabasamu ambalo ndugu zako watakula yamini kwamba ndilo ulilokuwa nalo siku zote. Lakini katika miaka yote ya kazi yake hakuna aliyewahi kumsikia akijisifia meno. Bingwa alijisifia ndege.

Ndege hiyo ilikuwa ya kijani, na iliishi ndani ya mchezo wa video, ndani ya kanda ya plastiki ya njano, ndani ya utoto wake. Kanda ilikuwa na jina lake rasmi, ila liliandikwa kwa herufi ambazo mtaani hakuna aliyejua hata zinaanza kusomwa upande gani, kwa hiyo watoto wakaubatiza mchezo "Ndege na Zimwi" na kila mtu akaridhika. Ndege inaruka, inapita chini ya madaraja, inatungua kila kilicho mbele yake, na mwisho kabisa kuna zimwi la jicho moja limejibanza kwenye ngome. Kwa mujibu wa Bingwa, mtaa mzima ulitoa mtu mmoja tu aliyewahi kuliua.

"Kombora la mwisho likaingia jichoni," alikuwa akisimulia, taya la plasta mkono mmoja, kisu cha nta mkono wa pili. "Ngome ikabomoka taratibu, tofali kwa tofali. Akatoka malkia, gauni jekundu mpaka chini. Akanipungia. Fataki zikaruka. Halafu jina langu likajiandika kwenye kioo."

"Mchezo ulilijuaje jina lako?" aliuliza siku moja dada wa mapokezi, mwanamke ambaye hakuwahi kuruhusu uongo upite bila kuupekua mifuko.

"Dada yangu, vitu vya zamani vilitengenezwa kwa akili."

Wenzake wa utotoni waliobaki karibu walikuwa wawili: Kinyozi, ambaye alinyoa vichwa vya watu wakati chake kilikuwa kimeshajinyoa chenyewe, na Mhasibu, ambaye alitunza hesabu za kampuni ya magodoro na mwili wake ulikuwa umeanza kufanana na bidhaa. Watatu hao walikutana kila siku kwenye kundi la simu walilolipa jina la Wakongwe wa Kanda. Hata chai haijachemka, mmoja ameshatuma picha ya televisheni yenye kisogo, au ya betri zinazoanikwa juani zipate nguvu, na chini yake maneno: "Kama unakijua hiki, umekula chumvi." Wenzake wawili wanajibu kwa vikatuni vinavyobubujikwa na machozi. Kisha wanakubaliana, kama walivyokubaliana jana, kwamba watoto wa siku hizi wameharibika kwa sababu wanashinda ndani wakikodolea kioo. "Sisi TULICHEZA!" anaandika Mhasibu. Haongezi kwamba walicheza wakiwa wamejifungia chumbani mchana kutwa, mapazia yamebanwa kwa pini ili jua lisiingie, wakikodolea kioo kidogo kuliko sinia, mpaka mama yake Bingwa aje na mwiko. Ukimkumbusha mtu mzima jambo kama hilo, utaambiwa huna adabu.

Bingwa alikuwa na binti mmoja, ambaye kwenye michezo ya kompyuta alijulikana kama Radi, na hata nyumbani jina hilo lilikuwa limeshalifukuza lile la kuzaliwa. Radi alikuwa amemaliza shule, anasubiri matokeo, na vidole vyake vilikwenda kasi mpaka mama yake akikaa karibu naye alipata kizunguzungu. Jioni moja mezani akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, kwamba timu yake imechaguliwa kwenda kushindana mji mwingine. Wenzake wote wameruhusiwa. Amebaki yeye.

"Mashindano ya nini?"

"Ya gemu, Baba."

Bingwa akaweka kijiko chini kama hakimu anayeweka miwani. "Mwanangu, ninyi hamjawahi kucheza gemu. Mnazocheza zinawatunzia mlipofika. Ukifa unaamkia palepale, na nguvu umeongezewa. Hiyo siyo gemu, hiyo ni huduma kwa wateja. Sisi, ukifa umekufa. Unarudi mwanzo, unampisha mwenzako, unakaa kwenye foleni na maumivu yako."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Nasema usiende kuuaibisha ukoo ambao tayari una bingwa."

"Mume wangu," alisema mkewe, ambaye alikuwa ameisikia habari ya malkia mara nyingi kuliko alivyosikia habari za mkwe wake, "mtoto kauliza swali. Aende au asiende?"

Hapo angesema "asiende" akaendelea kula, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini kifua kilikuwa kimeshajaa, na kifua kikijaa kinywa hakifungi.

"Siku utakayonishinda kwenye Ndege na Zimwi," alisema, akijifuta midomo kwa madaha, "begi lako nitalifunga mimi mwenyewe."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Na ukuta umesikia."

Bingwa akacheka mpaka akapaliwa. Mashine ilikuwa imeshatupwa zamani, na kanda ya njano mara ya mwisho ilionekana ikizuia mlango wa choo usipigwe na upepo. Ni rahisi mno kuwa shujaa wa vita ambavyo silaha zake zimeshauzwa chuma chakavu.

Wiki iliyofuata, Kinyozi akatuma picha kwenye kundi.

Mteja wake mmoja, muuza vifaa vya umeme vilivyokwishatumika, alikuja kunyolewa akiwa na katoni, na ndani ya katoni ilikuwemo mashine: nyeupe iliyogeuka rangi ya jino la mvuta sigara, padi zake mbili za vitufe zimefungiwa kwa mpira, na juu yake, kama yai juu ya kiota, kanda ya njano. Herufi zilezile zisizosomeka. Kinyozi akainunua palepale. Kundi likawaka moto. Mhasibu akatuma machozi mpaka simu za wenzake zikakwama, kisha akapendekeza wakutane Jumamosi alasiri nyumbani kwa Bingwa, mwenye televisheni kubwa, "ili Bingwa atuonyeshe tena zimwi linavyouawa." Kabla Bingwa hajapata kisingizio, mkewe alikuwa ameshatandika kitambaa kipya mezani.

"Wenzangu wanaondoka Jumapili asubuhi, Baba," alisema Radi kwa upole wa kutisha. "Jumamosi imekaa vizuri sana. Na nimemwalika Shangazi."

"Shangazi yako wa nini?"

"Si mashine ilikuwa ya nyumbani kwenu? Yeye hakuwepo?"

Shangazi huyo, ambaye Bingwa alimwita Dada Mkubwa, alikuwa mkunga mstaafu, mwenye sauti ndogo na vidole vilivyowahi kuvuta nusu ya wilaya kuingia duniani.

Bingwa akaenda kuichukua mashine kwa Kinyozi. "Umeme wa zamani si wa kuchezea," alisema. "Niikague kwanza." Jumatano, daktari alipotoka kwenda kula, Bingwa akaiunganisha kwenye televisheni ya mapokezi, ile iliyozoea kuwafundisha wagonjwa kupiga mswaki juu chini, juu chini. Dada wa mapokezi akavuta kiti. Mgonjwa mmoja mwenye shavu lililovimba kama andazi alibaki alipo kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda.

Kanda haikuwaka. Bingwa akaichomoa, na bila kufikiri midomo yake ikajikunja, pumzi ikatoka: fupi, ndefu, fupi. Akaichomeka. Ikawaka kama taa. Hata hakujiuliza mdomo wake uliupata wapi ufundi ule.

Ndege ikatokea. Ilikuwa ya pinki. Pinki ya fizi kabisa, kama kitu alichokitengeneza mwenyewe.

"Televisheni yenu mbovu," alimwambia dada wa mapokezi. "Rangi zimeingiliana."

Kisha akacheza. Ndege ikapaa vizuri, ikatungua kitu kimoja, ikafika kwenye daraja, ikaligonga. Akarudi mwanzo. Ikaligonga tena. Katika hadithi zake zote za miaka yote, daraja halijawahi kutajwa kama tatizo. Lilikuwa pambo tu, kama mti kando ya njia. Sasa lilikuwa limesimama pale kama mama mkwe mlangoni.

"Ndilo zimwi hilo?" aliuliza dada wa mapokezi.

"Hilo ni daraja."

"La ngapi?"

Bingwa akaanza upya.

"Mzee," alisema mgonjwa kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi, "achia kitufe kidogo, ishuke."

"Wewe umekuja kutibiwa au kufundisha?"

Akagonga mpaka vidole gumba vikamwuma. Akafumba macho, ajaribu kukumbuka mikono yake ya utotoni ilivyokuwa ikifanya. Kumbukumbu zikaja zote, tele: joto la transfoma, harufu ya vumbi lililoungua, alama za mkeka kwenye magoti. Lakini kioo alikiona kwa pembeni, kutoka chini, kando ya mashine. Kila alipojaribu kujiona amekaa mbele ya kioo na padi mkononi, mbele palikuwa na kisogo cha mtu mwingine, chenye mistari miwili ya nywele zilizosukwa. Akafumbua macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mgeni.

Sasa tuseme ukweli: mtu mwingine angeugua ghafla Jumamosi asubuhi. Mwingine angeidondosha mashine ngazini. Bingwa alikuwa fundi. Alirudi chumba cha nyuma, akawasha kitaa chake cha spiriti, akayeyusha nta ya pinki, ile anayotengenezea fizi kabla ya kumimina kitu chenyewe, akaitandaza juu ya vile vishaba vya kupitishia umeme vilivyojipanga kwenye mdomo wa kanda. Aliitandaza nyembamba, kila kishaba kikapata sehemu yake. Kisha, kwa kuwa hakuweza kufanya kazi mbovu hata alipokuwa anafanya ubaya, akasawazisha kingo kwa kisu na kuipangusa kwa pamba mpaka ikang'aa. Ilikuwa hujuma nadhifu kuliko zote zilizowahi kufanyika kwenye kliniki ile.

Jumamosi wakaja. Mhasibu alikuwa amevaa fulana ya ujanani iliyomfika kwenye kitovu na kugoma kuendelea. Kinyozi alileta padi ya akiba na hotuba. Walipoiona mashine mezani wakasimama kama watu waliofika mbele ya jeneza la mtu waliyemdai.

"Ndege ilikuwa ya kijani," alisema Kinyozi, sauti ikitetemeka.

"Kijani cha majani mabichi," alisema Mhasibu.

"Kijani kilichoiva," alisema Kinyozi, na ubishi huo ukachukua muda mrefu, kwa kuwa walikuwa nao tangu mwaka juzi.

Radi alikuwa amekaa chini, miguu ameikunja, padi mkononi. Begi lake tupu lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Bingwa aliliona, akatazama pembeni.

Akachomeka kanda, akawasha. Kioo kikabaki buluu tupu.

"Puliza!" alisema Mhasibu, akaichomoa na kuipuliza mpaka mate yakaruka. Buluu. Kinyozi akapuliza kama anayewasha mkaa. Buluu. Mke wa Bingwa akaipepea kwa gazeti. Buluu ileile.

Bingwa akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo angestahili kulipwa kwayo. "Imezeeka," alisema. "Imefanya kazi yake duniani. Tusiilazimishe, jamani. Tukae tukumbuke tu." Akaegemea kiti. "Mimi siku ile, kombora la mwisho likaingia jichoni..."

"Kwa hiyo Baba, ahadi yetu?"

"Mwanangu, mimi nipo, nimekaa hapa, niko tayari. Mashine ndiyo imekuangusha."

Radi akaangalia begi. Mama yake ndiye aliyesema, na alichosema kilikuwa "mm-hm", lakini Bingwa alishawahi kusikia matusi marefu yenye uzito mdogo kuliko huo.

Mlango ukabishwa. Dada Mkubwa akaingia, akavua viatu, akakaa kwenye kiti kigumu kwa ajili ya magoti yake, akauliza kuna msiba gani.

"Haiwaki, Shangazi," alisema Radi. "Wote wamepuliza."

"Wote kina nani?"

"Sisi," alisema Kinyozi.

"Ninyi mnapuliza tangu lini? Wewe ulikuwa unashika antena. Na huyu mwenzako alikuwa anakaa mlangoni kuangalia kama Mama anakuja. Mpulizaji si huyu hapa?" Akaelekeza kidevu kwa mdogo wake. "Inuka, Bingwa wa Pumzi."

Mkewe akaweka gazeti chini.

"Bingwa wa nini?" aliuliza mkewe, taratibu, kama mtu anayeonja.

"Wa Pumzi. Hajawaambia?" Dada Mkubwa alishangaa kweli. "Huyu alikuwa mdogo kuliko wote. Ukimpa zamu anagonga daraja la kwanza, analia, anang'ata padi. Ukimnyima zamu analia zaidi, Mama anakuja na mwiko, tunafukuzwa wote. Ikabidi nimpe cheo. Nikamwambia wewe ndiye Bingwa wa Pumzi, na bingwa hachezi hovyo, anatunza pumzi. Akakaa kando ya mashine kama mlinzi wa ghala. Kanda ikigoma anapuliza yeye tu. Na kweli alikuwa anajua, hilo simnyimi."

"Dada Mkubwa," alisema Bingwa, "umri umekuingia. Unachanganya watu."

"Basi puliza."

Akapuliza, kwa kuwa angefanya nini. Fupi, ndefu, fupi. Buluu.

Dada Mkubwa akakunja uso. "Hii haijawahi kuikataa pumzi yako hata siku moja." Akaichukua kanda, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha mdomoni mwake, polepole, kama anavyopima kitu kisichotaka kuzaliwa. Ukucha ukatoka na kipande chembamba cha pinki.

Radi akasogea. Huyu ni mtoto aliyekulia chini ya meza ya baba yake kliniki, akifinyanga sungura na pua za bandia kutokana na masalio.

"Baba," alisema. "Hii ni nta ya fizi."

"Imefikaje humo, mume wangu?"

"Labda... kutoka kiwandani."

"Kiwanda cha meno?"

Mhasibu alikuwa wa kwanza kucheka, na angefanya vizuri kunyamaza, maana Dada Mkubwa alimgeukia. "Unacheka nini? Nasikia huko kwenye simu zenu mnasimuliana habari za malkia."

"Malkia alikuwepo!" alisema Mhasibu. "Mimi mwenyewe nilimwona. Gauni jekundu."

"Jekundu?"

"Jekundu kabisa, Dada. Naapa."

"Televisheni yetu ilikuwa nyeusi na nyeupe."

Ungesikia fulana ya Mhasibu ikishindana na pumzi zake. Kinyozi akatazama dari. Unaweza kuona watu wazima wawili wakikumbuka, kwa wakati mmoja, kijani cha majani mabichi na kijani kilichoiva.

"Na malkia hakuna," aliendelea Dada Mkubwa, bila huruma na bila ubaya, kwa sauti ya mtu anayesoma joto la mgonjwa. "Zimwi nililiua mimi, likizo ile ya mvua. Yanatokea maandishi yasiyosomeka, halafu ndege inarudi mwanzo. Basi. Huyu alikuwa amelala kando ya mashine, mdomo wazi. Alipoamka akaniuliza kumetokea nini, nikaona aibu kumwambia kwamba tumeteseka vile kwa ajili ya kurudi mwanzo. Nikamtungia malkia. Sikujua atazeeka naye."

Wangeweza kumalizia hapo, wakanywa chai na kuchukiana kistaarabu. Lakini Radi alikuwa ameshaleta mswaki mkavu na spiriti. Akasugua vishaba kimoja kimoja, akakausha, akachomeka. Ndege ya pinki ikajaa kioo kizima.

"Ya kijani hiyo," alisema mkewe Bingwa.

"Ahadi ni ahadi, Baba. Anza wewe."

Bingwa akashika padi. Nitakuwa na huruma kuliko dada yake: aligonga daraja la kwanza. Mhasibu akafunga macho kwa niaba yake. Radi akapokea, akaruka kwa kasi ya ajabu, akatungua kila kitu, akagonga daraja lilelile.

"Sare!" Bingwa aliruka kitini kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Mmeona? Sare! Na mimi nilisema ukinishinda. Sare siyo kushinda."

"Rudieni," alisema Dada Mkubwa.

Radi akarudia, na ndege haijafika hata nusu ya njia picha ikapasuka vipande, mistari ikatiririka, kioo kikarudi buluu. Mashine ilikuwa imechoka kwelikweli safari hii. Hakukuwa na nta. Kinyozi akapuliza. Mhasibu akapuliza. Radi mwenyewe akapuliza, mashavu yakimjaa. Dada Mkubwa akapuliza mpaka akakohoa. Buluu.

Kisha wote, bila kuambizana, wakamtazama yeye.

Bingwa alielewa mara moja alipo. Asipopuliza, ni sare. Ndege imekufa kifo cha kawaida, hakuna wa kulaumiwa, mtoto anabaki nyumbani, na cheo kinabaki: kimechubuka, kimechekwa, lakini hakuna aliyemshinda. Akipuliza, anakiri kazi yake ilikuwa ipi, na juu ya hayo anashindwa. Akatafuta la kusema kuhusu kifua kinachobana. Alishafungua mdomo.

Radi hakubembeleza. Angebembeleza, Bingwa angepata la kujibu. Yeye alikuwa ameweka padi chini na kuanza kukunja waya wake vizuri, duara juu ya duara, kama mgeni anayesaidia kuondoa vyombo kabla ya kuaga.

"Hebu lete," alisema Bingwa. "Mnaitemea mate tu, mnaitesa."

Akaichukua kanda kwa mikono miwili. Akapiga magoti kando ya mashine, mahali palepale, pembeni, chini, akakunja midomo. Fupi, ndefu, fupi. Akaichomeka, akaigonga kidogo begani kama mtu anayemwamsha rafiki.

Ikawaka.

"Bingwa wa Pumzi!" alipiga kelele Kinyozi, na safari hii hakuna aliyejua kama ni kejeli.

"Usilikimbilie daraja," Dada Mkubwa alimwambia Radi. "Achia kitufe, ishuke yenyewe." Radi akaachia. Ndege ikashuka, ikapita chini ya daraja la kwanza kama maji. Ikapita la pili. Bingwa, bado yuko magotini, akiangalia kioo kwa pembeni, alikuwa ameshika waya wa transfoma usitikisike, na alikuwa anapiga kelele kuliko wote: "Kushoto! Kushoto, mwanangu! Hapo hapo!" Kama kawaida, hakuwa na habari yoyote ya kushoto kuna nini.

Begi alilifunga mwenyewe. Alilifunga kama anavyotengeneza taya, kila soksi mahali pake, hakuna kilichogusana na kisichohusika, na ikachukua muda mpaka mkewe akaenda kulala akamwacha. Asubuhi Radi akaondoka na wenzake. Kwenye mashindano timu yao ilitolewa mapema, na Wakongwe wa Kanda walieleza kwa kirefu kwamba ni kwa sababu gemu za siku hizi hazina madaraja.

Jumatatu kliniki. Dada wa mapokezi alikuwa anamsubiri tangu asubuhi, mikono kifuani.

"Bingwa. Malkia hajambo?"

"Malkia hayupo," alisema Bingwa kwa utulivu, akavaa koti lake la kazi. "Hakuwahi kuwepo. Hayo ni mambo ya watoto."

Dada wa mapokezi akakosa cha kupekua. Bingwa akapita, akaingia chumba cha nyuma, ambako yule mgonjwa wa shavu alikuwa amekaa, shavu limeshuka, jino lake la mwisho limeng'olewa, amekuja kujaribishwa meno mapya yaliyoshikiliwa kwa nta. Bingwa akamwekea mdomoni, juu na chini, akamfumba taya kwa vidole viwili.

"Uma hivyo hivyo. Usifungue, usiseme neno, nta itahama."

Mgonjwa akauma.

"Unaona," alisema Bingwa, akivuta kiti karibu, "watu wanadhani kazi ilikuwa kucheza. Kucheza anacheza yeyote. Kazi ilikuwa pumzi. Juzi Jumamosi mashine imekufa, imekufa kabisa, imetoa moshi, watu wazima wanalia. Nikapuliza mara moja. Mara moja tu. Taa za mtaa mzima zikawaka mchana kweupe."

Mgonjwa alitoa macho. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini meno hayakuwa yake bado.